Maji ya Moto ya Mzee Zakaria

Tarehe 12 Februari

Muuguzi wa kituo cha afya amenipa daftari hili. Amesema niandike kila siku mume wangu, mzee Zakaria, amelalaje, amekula nini, na ngozi yake ikoje. Nikamwambia mimi niliishia darasa la tatu kule Ngara. Akasema, "Darasa la tatu la Tanzania linatosha, bibi." Haya.

Mzee amelala vizuri. Amekula uji na ndizi. Ngozi nzuri. Mgongo wangu mbaya, lakini huo hakuuliza.

Tarehe 13 Februari

Uji. Amelala. Mvua.

Tarehe 15 Februari

Mvua tena. Kuni zimelowa, za mikaratusi, zinatoa moshi bila moto. Nimepuliza mpaka macho yakavimba.

Huyo muuguzi anaweza kufikiri ninapika karamu. Napika maji tu. Tangu mume wangu apooze upande wa kushoto mwaka jana, namwogesha asubuhi na jioni kwa maji ya moto, kwa sababu maji ya baridi yanamkaza misuli na analia. Zakaria hakulia tulipokimbia Burundi kwenda Ngara, hakulia tuliporudi hapa Butihinda tukakuta nyumba ni magugu. Sasa kikombe kimoja cha maji ya baridi kinamliza. Siwezi kusikiliza hiyo sauti. Ndiyo maana napuliza kuni.

Jioni binti yangu Jeska amepiga simu kutoka Gitega. Kama kawaida yake, salamu fupi, amri ndefu.

"Mama, mvua za msimu huu zikiisha nikakuta bado unabeba masufuria na kuvuta moshi, namchukua Baba. Atakaa kwangu."

"Baba yako si mbuzi wa kuhamishwa na kamba."

"Basi Chabani atakuletea kitu cha kupasha maji. Usikikatae, Mama. Ukikikataa, nakuja."

Chabani ni mume wake. Fundi bomba, Mwislamu wa mjini Gitega, alimuoa binti yangu kwa taratibu za kwao, sisi tukapelekewa habari kama watu wa kijiji cha pili. Sijamsamehe. Na wala hajaniomba.

Tarehe 20 Februari

Gari halijaja. Chabani anasema Gitega nzima hakuna mafuta. Mzee amekula maharage. Ngozi nyekundu kidogo kisiginoni.

Tarehe 24 Februari

Gari limekuja, na watu wa mlima mzima wamekuja nyuma yake.

Wameshusha sanduku jeusi, bapa, refu kama mlango, juu kioo, ndani vibomba vya shaba vimejipanga. Kioo kina ufa. Halafu wakashusha tangi limefungwa blanketi na mabati. Chabani anasema vitu hivyo vilikuwa juu ya paa la nyumba ya wageni iliyobomolewa Gitega, yeye ndiye aliyevifungua. Kwa hiyo wageni walioga, wakachoka navyo, ndipo mimi nikakumbukwa.

"Hii ni nini?" nikamwuliza.

"Mama, hii iko inapika maji na jua."

"Kwa mvua hii?"

"Jua iko, Mama. Iko nyuma ya mawingu."

"Hata Mungu yuko nyuma ya mawingu, lakini uji naupika kwa kuni."

Watu wakacheka. Jirani yangu Efrazia, ambaye hajawahi kuona kitu akanyamaza, akazunguka lile sanduku, akasema, "Mama Jeska, hili si jeneza la kioo hili?"

Nikamwambia, "Ni lako, tunasubiri vipimo."

Zakaria alikuwa kwenye kiti chake barazani. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Alikuwa hajacheka tangu Krismasi. Naliandika hilo kwa ajili ya muuguzi.

Tarehe 26 Februari

Nimechoka hata kushika kalamu, lakini niandike kabla sijasahau nani alikosea.

Huku mlimani hakuna bomba la serikali. Maji tunachota chemchemini. Kwa hiyo Chabani amesimamisha pipa juu ya miti, mvua ya paa iingie humo, kisha maji yateremke yenyewe hadi kwenye tangi. Sanduku jeusi ameliegemeza nje, nyuma ya nyumba. Tangi amesema likae ndani, juu kwenye ukuta wa chumba chetu cha kulala, lisipoe usiku wala lisiibiwe. Kona ya chumba hicho tumeikata kwa matofali, tumetoboa njia ya maji machafu, mzee atakuwa anaogea pale bila kubebwa nje.

Yote sawa. Ila chumba ni chetu, na mkwe haingii chumba cha wakwe zake. Hilo hata Chabani analijua, na nilifurahi kwamba kuna aliyemfundisha. Watu waliolipandisha tangi walikuwa vijana wa mlimani. Walipoondoka, vikabaki vibomba viwili tu vya kufunga. Chabani akabaki nje, akavipenyeza kwenye tundu la ukuta. Mimi ndani, juu ya kigoda, spana mkononi kama mwanaume.

"Mama," anaita kutoka nje, "ile ya uzi nyekundu iko ya maji ya moto. We funga juu ya tangi. Ile ingine chini. Umesikia? Nyekundu juu!"

"Nimesikia, mimi si kiziwi."

Nilisikia. Lakini nilisimama pale na vumbi la dari machoni nikafikiri. Nimepika tangu nikiwa mtoto. Moto unakaa chini, sufuria inakaa juu. Tangu lini moto ukawekwa juu ya maji? Huyu ni mwanaume, hajawahi kuivisha hata kiazi, ulimi umemteleza. Nikafunga nyekundu chini.

"Tayari?"

"Tayari."

"Sawa kabisa, Mama! We iko fundi!"

Ameondoka na gari la mchana. Sikumwambia neno.

Tarehe 27 Februari

Vuguvugu.

Tarehe 28 Februari

Vuguvugu. Mawingu. Nimepika kwa kuni.

Tarehe 2 Machi

Vuguvugu. Efrazia amekuja kuingiza mkono kwenye ndoo. Anasema mate yake ni ya moto kuliko haya. Mzee amekula vizuri, kisigino kimepona.

Tarehe 5 Machi

Leo jua lilitoka. Nikasema, haya, leo tutaona. Vuguvugu.

Tarehe 9 Machi

Mvua ya mawe. Ufa wa kioo umeongezeka. Maji yamejaa pipa mpaka yanamwagika; maji tunayo ya kuogesha hospitali nzima, ila ya baridi. Nimeteleza na sufuria jikoni, sikuungua. Jeska asijue.

Tarehe 17 Machi

Chabani amekuja kuziba kioo. Amefika na baiskeli ya kukodi kutoka barabara kuu, matope mpaka kiunoni.

Nilimpikia ugali na ndagala. Akasema, "Asante, Mama, hapana." Nikamwekea chai. Hapana. Nikakasirika. Nikamwambia kama ndagala wa wakulima hawamfai, aseme, nimpelekee mbwa. Akainamisha kichwa.

Zakaria kutoka kitandani akasema neno moja, kwa shida: "Ramadhani."

Nilisahau. Mtu amefunga tangu alfajiri, amesukuma baiskeli kwenye vilima, amekaa juani akipaka dawa ya kioo, na mimi namtukana kwa ajili ya samaki wadogo. Sikuomba radhi. Nilimwambia, "Na huo ni upuuzi, mfungaji kufanya kazi ya punda." Chakula nikakifunika, kikamsubiri hadi jua lilipozama. Alikula chote, na akaomba kingine.

Kabla ya kulala barazani akaniuliza, "Mama, mi nafikiri sana. Jua ikitoka, haya maji ilipaswa kuchoma. Ile ya nyekundu, ulifunga juu?"

"Nilifunga kama nilivyoona inafaa."

"Donc, basi... mi naweza kuchungulia kidogo? Mlangoni tu?"

"Mkwe hachungulii."

Akajilaza pale pale. Ana adabu huyu. Ingekuwa afadhali angekuwa mkaidi.

Tarehe 25 Machi

Uji. Vuguvugu. Kuni.

Tarehe 31 Machi

Pasaka. Sikwenda kanisani, mgongo. Wanakwaya walipita kumwimbia mzee. Jeska amepiga simu: "Mama, maji yanachemka?" Nikasema yanachemka. Mungu amefufuka leo, atanisamehe mapema.

Tarehe 13 Aprili

Sasa nimejua, na afadhali nisingejua.

Jua lilikaa siku nzima. Nikapanda kigodani nikashika vibomba kwa mkono. Kile chekundu, huku chini, kilinichoma. Tangi lenyewe chini lilikuwa la uvuguvugu na juu hivyo hivyo. Moto wote unafika mlangoni na haujui pa kwenda. Nikakaa kitandani pembeni ya Zakaria nikatazama juu. Kumbe maji ya moto hupanda yenyewe, ndiyo maana Chabani alisema nyekundu juu.

Fundi hawezi kuingia. Kumpigia simu siwezi, maana atauliza nani aliyegeuza. Nimemwita Efrazia. Amenishikia tangi kwa kifua chake akilia kwamba namuua, mimi nikafungua nati kwa spana na meno yangu yakikerezana. Tumelowa, chumba kimelowa, mzee amelowa mguu. Tumebadilisha. Nyekundu juu.

"Kwa nini humwiti mkweo?" Efrazia akauliza.

"Kwa sababu nina wewe."

Akafurahi, mjinga.

Tarehe 14 Aprili

Ya moto! Si vuguvugu, ya moto! Nimemwogesha mzee bila kuwasha jiko. Alifumba macho. Hakulia.

Tarehe 16 Aprili

Ya moto mpaka jioni. Sijanusa moshi tangu juzi, kanga zangu zinanukia sabuni. Jeska akija na aje.

Tarehe 20 Aprili

Leo naandika mengi, na mwandiko utavumiliwa.

Chabani alikuja asubuhi, Idi imepita, akaniletea sukari. Alikuja kurekebisha mfereji wa paa uliopindishwa na mawe. Aliweka mkono kwenye ndoo ya maji niliyotoa nje, akashangaa, akasema, "Mama! Imeanza kupika!" Nikasema, "Imezoea." Basi. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Angejua kwamba nimebadilisha vibomba na sasa tangi linachemka kweli, angeniwekea bomba la baridi la kuchanganya. Mimi nilijivuna nikaingia ndani.

Jua lilikuwa kali, lile jua safi la katikati ya mvua. Nilimketisha mzee kwenye kiti cha plastiki, nikafungua robine, ile koki ya tangi, nikapima kwa mkono. Yalikuwa sawa. Kumbe yale ni yaliyolala kwenye bomba, ya tangi yako nyuma yanakuja. Nikainama kuokota sabuni.

Mgongo ukakatika. Sina neno jingine. Nilianguka magoti na sikuweza kunyanyuka wala kugeuka. Maji yanamwagika juu ya paja lake la kushoto, upande uliokufa. Yeye ananitazama tu, anashangaa kwa nini nimepiga magoti. Hasikii chochote. Nikaona mvuke. Nikaona mvuke unapanda kwenye mwili wa mume wangu na yeye ananitazama kwa huruma, mimi.

Nikanyoosha mkono kwenye robine, haukufika. Nikapiga kelele. Yeye akashtuka, akajaribu kunishika kwa mkono mzima, kiti kikateleza, akaanguka chini ya yale maji.

"Mama?" Chabani yuko nje ya ukuta. "Mama, iko nini?"

"Ingia!"

"Mama, mi siwezi kuingia humo..."

"Ingia we mpumbavu! Mzee anaungua!"

Aliingia na matope yake. Alifunga robine kwa mkono mtupu. Halafu, na hili nimeliona kwa macho yangu nikiwa chini sakafuni, alivua shati lake akamfunika mzee kiunoni akiwa ametazama pembeni, kisha ndipo akambeba. Paja linawaka, mimi napiga kelele, na yule mtu alikumbuka kumfunika kwanza.

Akamlaza kitandani kwetu. Akachota maji ya mvua kwenye pipa, ndoo baada ya ndoo, akayamimina polepole juu ya paja muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi, akaninyanyua kama gunia la mihogo, akasema, "Pardon, Mama. Pardon. Pardon."

Tarehe 21 Aprili

Muuguzi amekuja. Ngozi imebambuka, eneo kama kiganja. Itapona. Amesoma daftari hili hadi ukurasa wa jana, akanitazama, akanirudishia. Na iwe hivyo.

Mzee amegeukia ukutani. Hali chakula. Si maumivu, haumii upande ule. Ni aibu. Mkwe wake amemwona uchi.

Chabani amekaa nje, chini ya pipa, naye hali. Nikamfuata nikijikongoja na fimbo.

"Ule uzi mwekundu," nikasema. "Niliufunga chini. Wiki iliyopita nikaubadilisha, sikukwambia."

"Mama, mi nilisema juu."

"Nilikusikia."

"Alors? Sasa kwa nini?"

"Wewe hupiki. Moto unakaa chini ya sufuria."

Alinitazama. Nilingoja hasira, nilikuwa nimejiandaa nayo. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mti wa pipa, halafu cheko likageuka, akawa anafuta macho kwa mkono wenye malengelenge. Robine ilimchoma naye na hakusema. Nimempaka asali.

Tarehe 22 Aprili

Mzee amegeuka kutoka ukutani. Ameomba Fanta. Nilidhani nimesikia vibaya, nikarudia, akasema Fanta, ya sitroni, ile ya limau, na mrija. Efrazia akaenda dukani. Ilipofika, Zakaria akasema, "Mwite."

Angekuwa mkwe mwingine, wangenywa pombe ya mtama kwa mrija kwenye mtungi mmoja na yangeisha. Huyu hanywi. Zakaria alilala akilifikiria hilo. Chabani akasimama kizingitini. Mzee akapiga godoro kwa mkono wake mzima: kaa. Wakanywa Fanta moja, mrija mmoja, huyu anavuta, anampa yule. Mimi nikatoka nje nikakemea kuku.

Tarehe 25 Aprili

Mafuta yamekwisha tena, magari hayatembei. Chabani amekwama hapa. Ameweka bomba la baridi. Anamwogesha mzee yeye, mimi nimekatazwa kuinama. Nakaa jikoni nasikiliza wanavyozungumza. Zakaria, ambaye mimi hunipa neno moja kwa siku, anamsimulia yule habari za Tanzania.

Tarehe 2 Mei

Bado yupo. Amemnyoa mzee ndevu. Uji, mayai. Kidonda kinakauka. Mgongo unarudi.

Tarehe 6 Mei

Gari limepatikana, Chabani ameondoka. Jioni nimemwogesha mzee mimi. Maji yalikuwa mazuri. Nilipomshika kwapani kumnyanyua, alikaza mwili wote, akashika ukingo wa kitanda hakutaka kuuachia. Nikamwambia, "Ni mimi." Akasema, "Najua."

Tarehe 7 Mei

Ameshika kitanda tena.

Tarehe 15 Mei

Mvua chache. Amekula. Ameshika kitanda.

Tarehe 26 Mei

Jeska na Chabani wamekuja. Mvua zimeisha, naye ana kumbukumbu ya mdai. Amekagua kovu la baba yake, amekagua mimi ninavyotembea.

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana moshi. Nionyeshe moshi uko wapi."

Ameingia jikoni, jiko baridi. Amefungua robine ya chumbani, akarudisha mkono haraka. Nilikuwa nimemshinda, na nilijua.

"Lakini mgongo wako, Mama."

"Mgongo wangu haukuolewa na wewe. Muulizeni mwenyewe kama anataka kuondoka."

Nilisema hivyo kwa sababu nilijua jibu. Mtu aliyerudi kwa miguu kutoka Ngara ili alale kwenye ardhi ya baba yake, ataondoka aende wapi?

Zakaria alitazama dari kwanza. Halafu akamtazama Chabani.

"Gitega," akasema.

Nikamwuliza tena, maana ulimi wake huteleza. Akainua mkono mzima akamwonyesha mkwewe.

"Huyu hanidondoshi."

Chabani akasema haraka, "Baba, hapana, Mama hakukudondosha, ile ilikuwa mgongo tu..."

"Nyamaza," nikamwambia. "Amesema."

Tarehe 28 Mei

Nimefua nguo zake zote. Nimemwonyesha Chabani jinsi ya kumgeuza usiku. Anajua tayari, lakini alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama afungue mtambo nao uende. Nikamwambia auache, atatafuta mwingine huko kwao wanakobomoa nyumba. Sitaki tena spana ndani ya nyumba hii.

Tarehe 29 Mei

Wameondoka. Jeska alisema, "Twende wote, Mama."

"Na maharage atayang'oa nani?"

"Basi ukishavuna."

"Tutaona."

Zakaria alinishika kiganja kupitia dirisha la gari, akasema, "Mama Jeska." Nikamwambia asiteme dawa. Gari likaenda.

Tarehe 30 Mei

Jua kali, wingu hakuna. Nilizunguka nyumba mchana, sina wa kumpikia uji. Nikapita chumbani, tangi limejaa na linawaka, mtu angeweza kukorogea chai.

Nikafunga mlango, nikavua, nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki. Nikafungua robine zote mbili. Niliacha maji yanipige mgongoni, pale palipokatika. Mwanzoni nilikuwa nabana, nafungua kidogo, nafunga, nimezoea kubakiza ya jioni. Halafu nikakumbuka hakuna jioni ya mtu. Nikafungua mpaka mwisho. Nililia humo, kwa sauti ambayo Efrazia angeisikia kama si kelele za maji, na nilikaa hadi yakawa vuguvugu, hadi yakawa ya baridi, hadi yakakatika. Nikalala mchana kweupe kama mtoto. Nimelala vizuri kuliko mwaka mzima, na naona aibu kuandika hivyo, lakini muuguzi alisema niandike mtu amelalaje.

Kesho naanza kung'oa maharage. Yakishakauka napanda gari niende Gitega, nikaone kama wanamkausha katikati ya vidole vya mguu wa kushoto, maana mguu ule haujisemei.